Askari wa Wanyamapori Akikusimamisha Nairobi: Mipaka ya Mamlaka Yake na Hatua za Kuchukua

Nairobi ni mji uliokaa mlangoni pa mbuga. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1946, ina eneo la takriban kilomita 117 za mraba. Imepakana na Lang'ata, na Barabara ya Mombasa, na makazi ya upande wa Ongata Rongai, huku upande wake wa kusini ukiachwa bila ua ili wanyama waweze kutoka kwenda kwenye nyanda za Athi na Kapiti na kurudi. Kwa sababu hiyo, mkaazi wa hapa ambaye hajawahi hata kulipa kiingilio cha mbuga anaweza kujikuta amesimamishwa na askari mwenye bunduki ambaye si polisi: anapofuata ng'ombe waliovuka mto Mbagathi wakati wa kiangazi, anapobeba gunia la nyama kwenye bodaboda usiku, au anapopita uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akiwa na bangili aliyoachiwa na nyanya yake.

Kwa miaka kadhaa nimewasaidia watu wa mitaa hii kama msaidizi wa kisheria, na wengi wao huja wakiwa wamekosea kwa njia mojawapo kati ya mbili. Wapo wanaodhani kwamba askari wa wanyamapori hana mamlaka yoyote nje ya lango la mbuga, wakabishana naye hadi wakajiongezea shtaka la pili. Wapo pia wanaodhani kwamba ana mamlaka yote ya dunia, wakatia sahihi kila karatasi waliyopewa. Ukweli ni kwamba mamlaka yake ni mapana sana katika jambo moja na finyu katika mengine yote, na hata katika lile jambo moja, Katiba haimwondokei.

Mjue kwanza aliye mbele yako

Mavazi ya kijani yanafanana, lakini wanaoyavaa hawalingani. Wa kwanza ni askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo wengi tunaliita KWS. Huyu hufanya kazi chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Amepata mafunzo ya kijeshi, ana cheo, na sheria inamruhusu kubeba silaha. Hata hivyo, Kifungu cha 239 cha Katiba kinapotaja vyombo vya usalama wa taifa, kinataja vitatu tu, yaani Majeshi ya Ulinzi, Huduma ya Kitaifa ya Ujasusi na Huduma ya Kitaifa ya Polisi. KWS haimo katika orodha hiyo. Ni shirika la umma lililopewa kazi mahususi, na askari wake hawawi polisi wa mambo yote kwa sababu tu wana bunduki na pingu.

Wa pili ni askari wa misitu, ambaye utamkuta Karura au katika msitu wa Barabara ya Ngong, naye hutumia sheria nyingine kabisa, ile ya misitu ya mwaka 2016. Wa tatu ni askari wa kaunti, kama wale wanaolinda Maasai Mara chini ya Kaunti ya Narok. Wa nne, ambaye ndiye anayeleta mkanganyiko mkubwa zaidi, ni mlinzi wa hifadhi ya jamii au ya mtu binafsi. Skauti wa hifadhi anaweza kuwa na redio, gari na sare nzuri kuliko ya askari wa serikali, lakini ikiwa hakuidhinishwa kisheria kuwa afisa, uwezo wake wa kukamata ni ule ule alionao mwananchi yeyote. Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika vifungu vya 34 na 35, zinamruhusu mwananchi kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wangeweza kumkamatia bila hati, au mtu anayemshuku kwa sababu za msingi kwamba ametenda kosa kubwa la jinai, kisha zinamlazimu kumkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Hakuna mahali zinapompa ruhusa ya kumfungia mtu katika kibanda cha hifadhi hadi asubuhi ili ahojiwe.

Basi hatua ya kwanza ni kuuliza. Sema kwa utulivu: "Afande, naomba jina lako, namba yako ya utumishi na kituo unachotoka." Afisa halali hana sababu ya kukataa swali hilo. Ikiwa huwezi kuandika papo hapo, kariri namba ya gari, kwa kuwa magari husahaulika haraka kuliko sura.

Usipuuze upana wa mamlaka hayo

Katika makosa ya wanyamapori, afisa aliyeidhinishwa anaweza kusimamisha gari, kudai kuona kibali, kupekua anaposhuku kwa sababu za msingi, kuchukua kitu anachoamini ni kielelezo cha ushahidi, na kukukamata. Anaweza kufanya hivyo barabarani, sokoni au mtaani, kwa sababu sheria inamfuata mnyama na mazao yake popote yalipo, wala haikomei kwenye ua wa mbuga. Kumzuia kwa nguvu au kumkimbia ni kosa linalojitegemea, na nimeona watu ambao shtaka la kwanza lilianguka mahakamani lakini la kumzuia afisa likabaki.

Tena, neno "wanyamapori" ni pana kuliko tunavyolitumia nyumbani. Mwezi Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu watu wanne, miongoni mwao vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi kumi na miwili, kwa kujaribu kusafirisha malkia wa chungu wakiwa hai ndani ya vijichupa. Ikiwa chungu ni wanyamapori, basi kobe anayetembea uani kwako, kasuku wa kijivu ndani ya tundu, yai la mbuni juu ya kabati na mkufu wa pembe vinaweza kukuletea swali. Kupatikana na nyara, yaani sehemu ya mnyamapori kama pembe au ngozi, bila kibali ni kosa hata kama hukumuua mnyama mwenyewe, na chini ya kifungu cha 95 cha sheria ya 2013 adhabu huanzia faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitano. Mtu anayekabiliwa na adhabu ya kiasi hicho hana nafasi ya kujibu ovyo kando ya barabara.

Mahali anapokoma

Mipaka huanza pale sababu ya kukusimamisha inapotoka nje ya sheria yake. Askari wa wanyamapori hana kazi ya kukagua leseni yako ya udereva wala bima ya gari, hakamati mtu kwa deni, na haamui mgogoro wa mpaka wa shamba kati yako na jirani, hata kama jirani huyo ni hifadhi. Akishuhudia wizi wa kutumia nguvu anaweza kumkamata mwizi, kwani hata wewe ungeweza, lakini baada ya hapo lazima amkabidhi kwa polisi.

Vilevile hatozi faini. Faini hutolewa na hakimu baada ya mtu kukiri kosa au kupatikana na hatia, na ada halali za kuingia mbugani hulipwa kupitia eCitizen, si kwa simu ya afisa. Ukiambiwa kwamba mbuzi wako wataachiliwa ukituma elfu tano kwa namba fulani, unachoombwa ni hongo, na chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 anayetoa ana hatia sawa na anayepokea. Najua ni rahisi kuandika hivi kuliko kusimama pale jioni mbuzi wakilia. Hata hivyo, jibu lililowafaa wengi ni kusema kwamba uko tayari kwenda kituoni na kuandikiwa risiti.

Swali linalopima mipaka hiyo ni moja, na unapaswa kuliuliza mapema: "Ninashukiwa kwa kosa gani chini ya sheria ya wanyamapori?" Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka uelezwe upesi, katika lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa kwako, haki yako ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Jibu kama "utajua huko mbele" halitimizi sharti hilo. Usibishane nalo, likariri neno kwa neno, kwa sababu wakili wako atalihitaji.

Upekuzi

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda mwili wako, nyumba yako na mali yako dhidi ya upekuzi, na sheria yoyote inayoruhusu upekuzi husomwa chini ya kivuli cha kifungu hicho. Katika gari au mfuko barabarani, shaka yenye sababu za msingi inaweza kutosha. Nyumba ni jambo zito zaidi. Njia ya kawaida ni hati ya upekuzi inayotolewa na mahakama chini ya kifungu cha 118 cha Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na kifungu cha 119 kinataka itekelezwe kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Omba kuiona hati hiyo, soma anwani iliyoandikwa, kisha soma kinachotafutwa. Hati ya nyumba namba 14 haifungui namba 15, hata kama zote ni za mwenye nyumba mmoja. Maafisa wakisema kwamba hali ni ya dharura na hawana hati, usiwazuie kwa mwili wako. Tamka waziwazi, mbele ya majirani ikiwezekana, kwamba hujaridhia upekuzi huo. Kuna tofauti kubwa mahakamani kati ya mtu aliyekubali na mtu aliyenyamaza kwa hofu, na maneno hayo machache ndiyo yanayoiweka tofauti hiyo wazi.

Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha, na kifungu cha 27 cha kanuni hizo hizo hakina msamaha kwa sababu doria imetoka na wanaume watupu.

Sehemu ambayo watu huiachilia ni orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Kabla ya kutia sahihi, hesabu. Nilimsindikiza jirani mmoja ambaye karatasi yake iliandikwa "vipande vya nyama" bila idadi, bila uzito na bila kueleza vilikuwa ndani ya nini, na kesi ilipofika mbele ya hakimu hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama nyama iliyopelekwa kupimwa ndiyo ile iliyotoka kwenye jokofu lake. Safari hiyo utata ulimfaa yeye. Ungeweza pia kummaliza. Dai kwamba idadi, uzito na alama za kila kitu ziandikwe, kwamba kifungwe mbele yako, na kwamba ubaki na nakala. Kama hukubaliani na kitu kimojawapo, andika kutokubaliana kwako juu ya sahihi yako, na wakikukatalia kuandika, huo nao ni ushahidi.

Simu inaweza kuchukuliwa kama kielelezo, lakini kuichukua na kuifungua ni mambo mawili tofauti. Huna sababu ya kutaja namba yako ya siri kando ya barabara. Waambie utasubiri amri ya mahakama.

Saa 24 na mkono unaokukabidhi

Kama ungesoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningependa iwe hii. Saa za Katiba huanza kuhesabiwa wakati unapokamatwa, si wakati unapoandikishwa kituoni. Kifungu cha 49 kinataka ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 24. Ikiwa saa hizo zinaisha nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya kazi, basi kikomo ni mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi anapaswa kuwa mbele ya hakimu kufikia Jumatano saa nne asubuhi. Aliyekamatwa Ijumaa saa tisa alasiri anaweza kulala ndani hadi Jumatatu bila Katiba kuvunjwa, na ndiyo maana familia zinazojua mambo haya huanza kumtafuta wakili Ijumaa hiyo hiyo, badala ya kungoja Jumamosi.

Hatari katika kesi za wanyamapori iko kwenye zile saa za mwanzo, kati ya porini na kituo cha polisi. Mtu aliyekamatwa na polisi huandikwa upesi katika kitabu cha matukio, lakini aliyekamatwa na doria anaweza kuzungushwa kambi kwa kambi bila jina lake kuonekana popote. Kwa hiyo omba upelekwe moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, na ukifika, hakikisha kwamba kilichoandikwa ni muda uliokamatwa na wala si muda uliofika. Omba namba ya OB, yaani namba ya tukio lako katika kitabu hicho cha matukio, na umpe ndugu yako. Una haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unauhitaji. Simu ya kwanza iwe kwa mtu anayeweza kufika kituoni, hata kama si mtu mwenye pesa.

Kwa ndugu waliobaki nyumbani: ikiwa jamaa yenu amechukuliwa na vituo vya jirani havina jina lake, nendeni kwa maandishi kwenye kituo cha polisi na kwenye ofisi ya shirika linalotajwa, mkibaki na nakala zilizopigwa muhuri wa kupokelewa. Ikifika siku ya pili bila jibu, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu itoe amri ya kumfikisha mtu huyo mbele yake. Kifungu cha 25 cha Katiba kinaitaja haki ya kuomba amri hiyo miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Mbele ya hakimu, dhamana kwa masharti yanayofaa ni haki isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito za kuinyima. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba hairuhusu uwekwe rumande. Kama huwezi kumlipa wakili, uliza kuhusu msaada unaotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Maneno yako

Unaweza kutaja jina lako na kuonyesha kitambulisho, kisha ukanyamaza. Maungamo hayana nguvu mahakamani yakitolewa kwa askari wa doria. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka yatolewe mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kilichowekwa, ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo karatasi ya "kukiri" unayopewa kambini saa nane za usiku haina haraka yoyote inayokuhusu wewe. Sema utaandika taarifa ukiwa na wakili.

Nguvu na bunduki

Miaka ya 1980, ujangili ulipowamaliza ndovu, serikali ilitangaza kwamba majangili wapigwe risasi papo hapo, na kumbukumbu hiyo imewafanya wengi waamini hadi leo kwamba anayekutwa mbugani bila ruhusa ameuza uhai wake. Sheria ya 2013 haina kifungu cha namna hiyo. Anayekamata, awe polisi au mtu mwingine, haruhusiwi kutumia nguvu kuliko inavyofaa katika hali iliyopo, kama kifungu cha 21 cha Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinavyosema, na kifungu cha 24 kinakataza kumfunga mtu zaidi ya inavyohitajika ili asitoroke. Kumpiga mtu ambaye tayari ana pingu hakuna jina jingine kisheria zaidi ya shambulio, na kumtesa ili aseme ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017.

Kwa upande wako, ukisimamishwa usiku karibu na mbuga, zima injini, weka mikono mahali inapoonekana, weka panga au rungu chini polepole, wala usikimbie. Ushauri huu hauna uhusiano na hatia yako. Unahusu kijana mwenye bunduki ambaye huenda wiki iliyopita alirushiana risasi na majangili na hajui wewe ni nani.

Ukiumizwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kisha uchukue kituoni fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ili daktari aijaze. Piga picha za majeraha kila siku mpaka yapone.

Kulalamika mahali panapofaa

Watu wengi hukimbilia mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, IPOA, wakarudi wamekata tamaa. Sheria ya chombo hicho ya mwaka 2011 imekiunda kwa ajili ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, kwa hiyo kinafaa zaidi ikiwa polisi walishiriki katika tukio au uliumizwa ukiwa mikononi mwao. Kwa askari wa wanyamapori, anza kwa barua kwa shirika lenyewe, kisha upeleke nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hushughulikia watumishi wa umma wanaotumia mamlaka vibaya, na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikiwa kuna kipigo, kutoweka au kifo. Hongo ipelekwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kosa la jinai, kama kupigwa, liripotiwe pia kituo cha polisi, na usikubali kuondoka bila namba ya OB. Uamuzi wa kushtaki si wa shirika wala wa polisi, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kesi ya haki za kikatiba hufunguliwa Mahakama Kuu chini ya vifungu vya 22 na 23, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Usikae na malalamiko yako kabatini, kwani madai ya kawaida ya madhara dhidi ya Serikali yana kikomo cha miezi 12, na ni busara kuyachukulia madai dhidi ya shirika lolote la umma kana kwamba muda wake ni mfupi vivyo hivyo. Barua yako iwe na tarehe, saa, mahali, namba ya gari, majina au maelezo ya maafisa, namba ya OB, nakala ya orodha ya vitu na majina ya mashahidi. Ipeleke kwa mkono, na urudi nyumbani na nakala yenye muhuri.